Faini

Sisi tulipoliazima neno hili
tulichukua upande wake mchungu tu:
faini ya trafiki, faini ya mbuzi aliyekula mahindi ya mtu.
Upande mtamu tukawaachia wenyewe,
na wenyewe, nilipowafikia huko Bolton,
nikawakuta wanalitia kila chungu, kama chumvi.

Bi Hilda Hesketh, tuliyechangia naye ukuta,
alitoka mlangoni asubuhi na kikombe mkononi,
akatazama mawingu mazito kama godoro lililolowa.
Akiona tundu la buluu, upana wa leso,
anasema: faini.
Maana yake: leo naanika.
Mvua ikirudi kabla ya saa sita, anaanua.
Hasemi kitu.

"Ukitaka kulijua, anza na uzi," aliniambia.
Miaka kumi na minne, kiwanda cha kusokota,
miguu mitupu juu ya mbao zilizokunywa mafuta.
Uzi wa faini: ratili moja ya pamba
ungeivuta hadi Liverpool na kurudi.
Alisugua kidole gumba kwa cha shahada, hewani,
pasi na kitu katikati,
nami nikauona.

Neno lilelile lilikaa kwenye daftari la msimamizi Thornley,
kwa wino mwekundu:
kuchelewa dakika tano, faini;
kufungua dirisha, faini;
kuimba, faini, mara mbili,
"na ya pili nilistahili, sauti yangu unaisikia."
Nikacheka. Nikasema hiyo hata sisi tunayo.
"Basi mlibeba makapi," akasema, akanimiminia chai.

Hakunisimulia vumbi.
Vumbi nililisikia ukutani saa tisa za usiku,
vumbi la pamba, laini kuliko unga
(nalo kwao huitwa hivyo hivyo)
lililokaa kifuani miaka hamsini likingoja zamu.
Kikohozi. Kimya. Kikohozi. Birika.
Asubuhi nikimuuliza hali:
faini.

Jamani, faini ile!
Kwa binti yake Maureen, simu ya Jumapili kutoka Toronto: faini.
Kwa daktari kijana, jicho lake kwenye saa: faini.
Ngazini, reli kaishika kwa mikono miwili,
alitoa herufi ya kwanza tu, zilizobaki akazimeza.
Na iko ya meno:
marehemu Clifford alipoapa kuiuza piano
alijibiwa faini,
wakanuniana mpaka Pasaka.
Nikajifunza kuliacha neno lipite,
nisikilize mlango unavyofungwa nyuma yake.

Barua ya fidia ilikuja Machi. Nilimsomea.
Juu, kwa herufi nene, walisikitika.
Chini kulikuwa na yale maandishi yao ya faini,
madogo kama mayai ya chawa,
yakitoa miaka ya vita, yakitoa miaka ya uzazi,
yakabakiza miaka isiyotosha.
Alivaa miwani akarudia mwenyewe, kidole kikifuata mstari.
"Kazi safi," akasema.
"Sijui nani kazisokota hizi."

Akafa Mei, siku ya jua.
Mchungaji alisimama nje ya kanisa, akatazama juu, akalitamka.
Hakuna aliyembishia.

Kisha Maureen akanipa kitabu cha maktaba,
kimechelewa siku arobaini na mbili,
nikaenda na sarafu zikigongana mfukoni.
Mama wa kaunta akasoma jina kwenye kadi.
Akarudia kulisoma. Akasema hudaiwi kitu.
Nilikifungua mara ya mwisho, kuhakikisha hakuna barua ndani,
na ukurasa wa mia na tatu
kidole changu kikagusa alama aliyoiacha
kabla jicho halijaiona.